Kibuyu cha Pijo

"Hicho kibuyu unamshonea ng'ombe au mtu?" Stumai, jirani yangu, aliniuliza, amesimama mlangoni pangu na ungo wake mkononi.

Nikamwambia namshonea gari. Alicheka mpaka akaegemea ukuta. Akasema ameishi hapa Mandewa tangu enzi za Mwingereza, amewaona watoto wakinywea kwenye kibuyu, wazee wakinywea, hata paka wa jirani amemwona, lakini gari bado. Sasa gari litakunywa maziwa mgando au mabichi?

Halikuwa la kunywa. Lilikuwa la kupumua. Mwanangu Laurenti alikuwa amenieleza mara nyingi, nami nimeelewa kiasi changu, maana shule niliishia darasa la nne. Injini hunyonya hewa kama mtu. Hewa iliyo chini ya boneti imechemka, haina nguvu. Hewa ya mbele ya gari, ile inayopigwa na upepo, ni ya baridi, na injini ikiipata hukimbia zaidi. Basi unatakiwa mrija wa kuileta kutoka mbele mpaka kwenye kabureta. Haya aliyasikia kwa madereva wa mashindano makubwa waliowahi kusimama gereji anakofanya kazi, kuziba tairi.

Mrija alikuwa ameshautengeneza. Alikata debe la mafuta ya kula, akalikunja, akalitia lehemu. Kilichomshinda ni kona. Bati halipindi bila kukunjamana, na mpira wa kufaa haukuwapo dukani Singida nzima. Ndipo alipoona vibuyu vyangu vimening'inia juu ya jiko. Kimoja kilikuwa na shingo iliyopinda vizuri, kama mkono wa mtu aliyeshika kiuno.

"Mama, hiki ndicho," alisema.

Alikikata kichwa na kitako, nami nikakishonea kwenye bati kwa ukano wa ng'ombe. Mshono nikaupaka nta ya nyuki, kama tunavyofanya siku zote kibuyu kikipasuka. Nilimwambia nta huita nyuki. Wenye mizinga huipaka ndani makusudi, ili kundi linalohama lisikie harufu lipate nyumba. Akanijibu kwamba harufu ya petroli itawafukuza, na juu ya hilo atafunga wavu wa chuma mdomoni, uzuie wadudu na mawe. Niliona ni sawa. Nani angekaa ndani ya petroli?

Gari lenyewe lilikuwa Pijo la Chrispin, mwenye gereji. Tangu Azimio litangazwe, Chrispin alitaka aitwe Ndugu kwenye mikutano, lakini gereji ukimwita Ndugu haitiki. Huko alikuwa Bwana. Mwaka ule kulikuwa na mashindano ya kuzunguka uwanja wa ndege, sikukuu ya Uhuru, na yeye ndiye angeendesha. Alisema mbele ya mafundi wote kwamba Pijo likishinda, Laurenti atakuwa fundi mkuu. Likimwaibisha, Laurenti akusanye nguo zake.

Laurenti aliponiambia hayo alikuwa anatabasamu. Akaongeza, kama mzaha, kwamba akifukuzwa atapanda lori la Tanga akakate mkonge. Mimi sikucheka. Baba yake, Leonidas, alikwenda kukata mkonge Tanga mwaka wa njaa, na kilichorudi ni blanketi lake, limeletwa na mtu wa Ilongero ambaye hakutaka hata kukaa. Watoto wangu wengine Mungu aliwachukua wakiwa wadogo. Amebaki huyu.

Siku yenyewe nilikwenda asubuhi kumpelekea uji. Mvua ya kwanza ilikuwa imenyesha, jua limewaka tena, na watu walikuwa wamejaa pembeni ya uwanja nyuma ya kamba. Laurenti alikuwa amefungua boneti. Chrispin akainama, akatazama mdomo wa mrija pale mbele, akauliza wavu ule wa nini. Laurenti akamweleza, wadudu na mawe. Chrispin akachukua koleo.

"Mtu hakimbii amejifunga kitambaa puani," akasema, akaung'oa, akautupa majanini.

Laurenti aliutazama wavu pale majanini. Kisha akasema, "Sawa, Bwana."

Baada ya hapo tulifukuzwa sote, tukarudishwa nyuma ya kamba. Laurenti alipewa debe la maji akasimame kona ya mbali, ng'ambo ya uwanja, ili gari likichemka amwagie. Magari yakapangwa chini ya mgunga, Pijo na Landrova na mengine mawili. Mgeni rasmi akachelewa. Madereva wakaenda kukaa kivulini kwenye turubai, na ngoma ikaanza, watu wakageukia ngoma. Mimi nikabaki natazama gari, na rozari yangu mfukoni, natembeza punje moja moja.

Kwanza nilimwona nyuki mmoja. Alizunguka mdomo wa ule mrija, akaingia, akatoka, akaondoka moja kwa moja kama aliyetumwa. Wakaja wengine wachache, nao wakaingia na kutoka. Mtu aliyekulia kwenye mizinga anajua maana yake. Hao ni wapelelezi, wanakagua nyumba.

Nikaenda kwa kijana wa Umoja wa Vijana aliyeshika fimbo kwenye kamba. Nikamwambia apeleke habari, Pijo linataka kuingiwa na nyuki. Alinitazama, akawatazama wenzake.

"Shikamoo mama. Leo ni mbio za magari, siyo mavuno ya asali."

Wenzake wakacheka. Nikamsihi aniache nipite mwenyewe, akaweka fimbo mbele yangu, kwa adabu tu, akasema amri ni amri.

Basi nikavua khanga ya begani, nikaipunga kumwelekea Laurenti. Alikuwa mbali, mdogo kama kidole. Niliipunga kwa mikono miwili, nikaonyesha gari, nikaipunga tena. Aliniona. Akaweka debe chini, akainua mikono yote miwili juu, akanipungia naye kwa furaha, kama mtoto anayemwona mama yake kanisani. Alidhani namshangilia.

Kundi lilifika wakati mgeni rasmi anashuka kwenye gari lake. Halikuwa kubwa. Lilikuja chini chini kama moshi, likashika mdomo wa mrija, likaanza kuingia. Watu wote walikuwa wamesimama kuimba wimbo wa taifa. Hakuna aliyegeuka. Nilipaza sauti wakati wa wimbo, na mama mmoja akanivuta mkono akaniuliza nina laana gani.

Chrispin alikuja kwa nyuma ya gari, akipunga watu mkono. Akaingia, akafunga mlango, akawasha.

Pijo lilikohoa kama mtu aliyepaliwa na ugali, likatetemeka. Bendera iliposhushwa lilisogea hatua za mtoto, likakata pumzi. Landrova ikaondoka. Chrispin akawasha tena, na tena. Kisha nyuki waliobaki nje wakatafuta nani amewasumbua, na dirisha lilikuwa wazi. Alitoka mbio kuelekea kwenye turubai, maana ndiko kulikokuwa na kivuli, na nyuki wakaenda naye mpaka kwa mgeni rasmi. Ng'ambo nikamwona Laurenti anakimbia na debe lake la maji, maji yanamwagika.

Kesho yake nilipotoka Misa nilimkuta Chrispin kwenye kigoda changu. Uso ulikuwa umevimba, jicho moja limefumba. Laurenti alikuwa amesimama mbele yake, ameshamwamkia.

"Nimekuja mwenyewe ili usisikie njiani," Chrispin alimwambia. "Gereji usije tena."

Nikamngoja Laurenti aseme. Kisha nikasema mimi.

"Wavu uliung'oa wewe, Bwana Chrispin. Kwa koleo lako. Nilikuwa nimesimama pale na uji."

"Mama, wewe ni mtu wa rozari. Mambo ya injini utuachie."

"Siyo injini. Ni wavu."

Akaligusa jicho lililofumba. Aliposema tena, sauti ilikuwa imeshuka.

"Wameniona nakimbia mbele ya serikali, mama. Sokoni wananiuliza bei ya asali. Niwaambie nini, kwamba nilijifanyia mwenyewe? Kibuyu ni cha nani? Nta ni ya nani?"

Nilimgeukia mwanangu. Nilitaka aseme neno moja tu, kwamba mama hasemi uongo. Yeye akamuuliza Chrispin, kwa heshima ile ile ya gereji, kama lori la Tanga bado lipo.

"Lipo sokoni," Chrispin alisema. "Linapakia."

Nikamwambia Laurenti kwanza ale. Nilikuwa nimeacha ugali wa uwele na mlenda, bado wa moto. Nikamwekea, nikamletea maji. Akanawa, akaketi, akakata tonge, akalishika. Nikamwambia Tanga siyo mahali pa kwenda bila baraka, tumngoje padre jioni. Nikamwambia habari ya gereji nyingine ile ya karibu na stendi. Nikasema mengine ambayo sasa siyakumbuki.

Alilirudisha tonge kwenye sahani, taratibu, akafuta mikono kwenye suruali. Akainuka, akampita Chrispin, akanipita mimi, akatoka, akashika njia ya sokoni.