Maji ya Mama Ndambuki

Bi Nabiha hakuwa mtu wa kuficha mambo. Akikupenda utajua, akikuchukia utajua, na akikushuku hata paka wa ngazini watajua. Ndiyo maana asubuhi ile alipomrudishia Kalekye thamosi yake ya uji ikiwa imejaa vilevile, hakuhitaji kusema neno. Kalekye aliipokea mlangoni, akaitikisa kidogo, akasikia uji ukicheza ndani.

"Haya, Mama Rumaisa," akasema, akafunga mlango wake polepole.

Wanawake hawa walikuwa wamekaa jengo moja pale Parklands tangu watoto wao wakiwa hawajaanza shule. Nabiha, mjane kutoka Mombasa, alikaa juu. Kalekye, Mkamba wa Machakos mwenye saluni Kenyatta Market, alikaa chini. Kalekye ndiye aliyemsuka Rumaisa, binti wa Nabiha, tangu chekechea hadi wiki ya harusi yake. Nabiha naye ndiye aliyemzoesha Ndambuki, mwana wa Kalekye, pilau, mpaka kijana akawa anaununia ugali wa mamake. Waliwahi kuteta kwa ajili ya chumvi, kwa ajili ya kura, na kwa ajili ya redio ya Jumapili asubuhi. Waliteta ngazini, wapangaji wote wakisikia, na kufikia alasiri walikuwa wanakunywa chai pamoja. Kununiana kimyakimya hawakukujua.

Kisa kilikuwa mtoto. Rumaisa alikuwa amejifungua mtoto wake wa kwanza, wa kiume, akaitwa Jabir, na kama ilivyo ada ya watu wa pwani akaja kukaa arobaini kwa mamake. Nabiha alichanganyikiwa kwa furaha. Alifukiza udi, akapika supu ya pweza aliyeagizwa kutoka Mombasa, akamfukuza mkwewe Musab sebuleni kwa kosa la kupiga chafya. Kisha akafungua sanduku.

Sanduku lile lilikuwa la marehemu mamake, la misumari ya shaba, na ndani mlikuwa na shali nyeupe ya sufu ambayo mama huyo aliifuma kwa mikono yake. Wajukuu na vitukuu wote walitakiwa kufungwa shali hiyo. Nabiha alimzungushia Jabir, akamtazama, akalia kidogo, kwa sababu mtoto alikuwa na kidevu cha mamake mwenyewe. Toka siku hiyo shali haikumtoka mwilini.

Kalekye alikuja na uji wa wimbi wa mzazi. Alimchukua mtoto akamwinua mbele ya dirisha.

"Wololo! Mnaona huyu? Mnono, nywele imejaa, macho kama taa! Mtoto mzuri hivi mimi sijaona hii Nairobi yote!"

Nabiha alisubiri neno moja tu, la kumkinga mtoto na jicho baya. Mashallah. Halikuja. Badala yake Kalekye alimnusa mtoto shingoni, akapiga chafya.

"Lakini mbona ananukia kabati, Mama Rumaisa?"

Nabiha akampokonya mjukuu wake kwa heshima, na moyoni akasoma kila dua aliyoijua.

Siku hazikupita nyingi Jabir akageuka rangi. Weupe wa macho uliingia manjano, kisha uso, kisha kifua. Mkojo kwenye nepi ukawa na rangi ya chai ya rangi. Titi alikuwa akilishika na kuliachia, amelegea, hana hata nguvu ya kulia. Rumaisa akasema waende hospitali, na Nabiha akasema ndiyo, hospitali, lakini mtoto huyu amepatwa na jicho, na mwenye jicho anajulikana.

"Nani, Mama?"

"Wamjua."

"Anti Kalekye? Mama, yule amenilea mimi!"

"Sijasema ana nia mbaya. Jicho halina nia."

Asubuhi hiyohiyo ndipo alipoirudisha thamosi ya uji ambayo Kalekye alikuwa ameileta tena alfajiri, kabla Musab hajaleta gari.

Hospitalini walimlaza Jabir chini ya taa ya buluu, uchi, amefungwa kitambaa machoni ili mwanga usimdhuru. Walimtoa damu kidogo kupima, kisha wakamwongeza damu ya mtu mwingine kwa sababu yake ilikuwa imepungua vibaya. Nabiha alisimama pembeni ya kioo. Hakuwahi kuogopa hivyo maishani, hata siku aliyofiwa na mume. Alimwomba Mungu amchukue yeye, amwache huyu, na alikuwa anasema kweli.

Daktari Anita, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya chini, aliwauliza maswali mengi. Mama anakunywa dawa gani? Mtoto amepewa nini? Kisha akaichukua shali iliyokuwa begani kwa Nabiha, akaisogeza puani.

"Hii imetoka wapi, mama?"

"Ya marehemu mamangu," Nabiha akajibu, na hata katika hali ile fahari ilimtoka. "Imekaa sandukuni miaka yote hiyo, na nondo hawajaitoboa hata tundu moja."

"Unawazuia na nini?"

"Nafthalini, daktari. Zile gololi nyeupe. Natia nyingi."

Daktari aliikunja shali, akaiweka mbali na mtoto. Majibu ya damu yalipofika aliwaketisha chini akawaeleza taratibu. Jabir amezaliwa na upungufu unaoitwa G6PD. Chembe zake nyekundu za damu zimekosa kinga fulani, na zikikutana na vitu kama nafthalini, au baadhi ya dawa, au aina moja ya maharagwe makubwa, hupasuka ovyo. Zikipasuka ndipo mwili unapogeuka manjano. Asipokutana na vitu hivyo, ataishi kama mtoto mwingine yeyote.

"Hapa Nairobi siioni kila siku," akasema. "Lakini kwenu pwani ni kitu ya kawaida. Mahali malaria imekaa miaka mingi, watu wengi wanazaliwa nayo. Mama anaibeba bila kujua, halafu inashika zaidi watoto wa kiume."

"Mama yupi?" Nabiha akauliza.

"Rumaisa. Na Rumaisa huenda ameipata kwako. Na wewe kwa mamako. Si makosa ya mtu, mama."

Nabiha aliisikia sentensi hiyo ya mwisho lakini haikumwingia. Alikuwa Mombasa, Mji wa Kale, yeye ni msichana mdogo, na mdogo wake wa kiume, mchanga, amelala ndani ya shali hiyohiyo, manjano kama bizari. Yule hakupona. Mtaani kulikuwa na mama mmoja muuza vitumbua aliyekuwa amemsifu sana mtoto, na baada ya maziko hakuna aliyenunua vitumbua vyake tena, mpaka akahama. Nabiha mwenyewe alifundishwa kuvuka njia akimwona.

Musab alirudi kutoka nyumbani na nguo safi zilizofuliwa kwa sabuni tu. Alikuwa na kitu kingine, chupa ya maji iliyofungwa ndani ya leso.

"Mama, amenipa Mama Ndambuki pale chini. Amesema utaelewa."

Nabiha alielewa kabla hajaifungua. Miaka mingi nyuma, Ndambuki akiwa na homa, wakipiga soga za wagonjwa, yeye mwenyewe ndiye aliyemsimulia Kalekye kwamba kwao mwenye jicho akijulikana huombwa maji aliyojioshea uso na mikono, mgonjwa akaogeshwa nayo, jicho likatoka. Kalekye siku ile alicheka mpaka akamwaga chai. Sasa alikuwa amejiosha, akayakinga maji, akayatuma bila kuombwa. Hakusema si mimi, wala hakumkumbusha mtu kwamba yeye ni Mkristo. Alitaka tu mtoto apone, hata kama lazima awe yeye ndiye aliyemuumiza.

Nabiha akakaa kwenye benchi la hospitali na chupa mapajani, akalia kwa sauti, bila kujali nani anamtazama.

Jabir alipoanza kunyonya kwa pupa na daktari akasema wataruhusiwa, Nabiha hakungoja kumtandikia. Alichukua teksi hadi Kenyatta Market, akapita katikati ya moshi wa nyama choma na wasichana waliomvuta mkono wakimwita aje asukwe, mpaka saluni ya Kalekye. Kalekye alikuwa katikati ya kichwa cha mteja. Alimwona, mikono ikasimama. Kisha akaiona chupa, bado imejaa.

"Haikusaidia?" akauliza.

"Amepona. Anarudi nyumbani leo."

"Asante Yesu. Na maji?"

"Hayakuhitajika. Si wewe, Mama Ndambuki. Ni sanduku langu. Ni nafthalini zangu, na damu yangu mimi na ya mamangu. Wewe uliniambia ananukia kabati, nami nikakasirika. Nisamehe. Nisamehe, dada yangu."

Mteja aligeuza shingo kusikiliza vizuri. Kalekye aliirudisha mbele, akasuka mistari miwili mitatu, machozi yakimdondokea kidevuni.

"Ile uji," akasema mwishowe, "nilimwaga. Nilishindwa kukunywa."

"Utapika mwingine?"

"Nitapika. Lakini hiyo thamosi utaosha wewe."

Jioni Kalekye alipanda ngazi na uji. Nabiha alimwekea Jabir mikononi, ndani ya kitenge kipya kisichonukia chochote. Kalekye alimpokea vizuri, lakini macho aliyapeleka kwenye pazia, kwenye dari, kwenye saa ya ukutani.

"Mtazame," Nabiha akasema.

"Naogopa."

"Mtazame, Kalekye. Mjukuu wako huyu."

Kalekye akainamisha kichwa, akamtazama. Jabir alipiga mwayo mkubwa, ufizi wote nje.

"Ni mzuri," akasema kwa sauti ndogo, kisha akaanza kulitafuta lile neno asiloliweza vizuri.

"Wewe sifu tu," Nabiha akamwambia, akijifuta macho kwa ncha ya mtandio. "Mashallah niachie mimi."