Kimya cha Kamande

Mimi ndiye niliyemfundisha Shiru kumpenda mtu wa aina ile. Nisipoanza na hilo, haya mengine yote yatakuwa ni kumsingizia mtoto.

Shule niliiachia darasa la saba, lakini kusoma sikuacha. Mama yake alipofariki, mjukuu wangu akahamia kwangu hapa Rongai, na jioni tulikaa mezani tukichambua maharagwe, yeye akinisomea riwaya kwenye simu. Kila riwaya ilikuwa na mwanaume yule yule: anaishi peke yake katika nyumba kubwa, hacheki, hasalimii watu, ana kidonda cha zamani asichokitaja. Anamfokea msichana kitabu kizima, halafu mwishoni analia mara moja, na sisi tunalia naye. "Rudia hapo anapolia," nilimwambia Shiru. Alirudia. Mawe niliyokwisha kuyatoa nikayarudisha kwenye maharagwe bila kujua.

Ndipo akampata Kamande.

Kamande alikuwa na shamba la viazi juu ya Sachangwan, na nyumba ya mawe yenye dohani, iliyoachwa na mzungu. Ndugu yake aliteketea katika ule moto wa lori la mafuta wa 2009, na watu walisema tangu siku hiyo hajacheka. Alikuja soko la Rongai na koti refu jeusi, akauza magunia yake bila kumbembeleza mtu.

"Shosh, huyo jamaa akikuangalia unasikia mpaka kwa mifupa," alisema Joan, rafiki yake Shiru, ambaye naye huniita bibi. "Na haongei!"

"Labda hana la kusema," nikasema.

"Ako na uchungu," Shiru akajibu, macho yakimng'aa kama aliyeletewa zawadi.

Kwetu, kabla msichana hajaolewa, wanawake wa kwao huenda kutazama anakopelekwa. Tunaita kuona itara, ule uchaga wa kuni ulio juu ya jiko. Unatazama kila kitu, unakula, unashukuru. Maneno husemwa mkirudi nyumbani. Posa ya Kamande ilipoletwa, tulikwenda wanawake wanne, siku ya Jumamosi, mvua ikinyesha.

Kuni zilikuwepo, kavu, zimepasuliwa sawasawa kama njiti za kiberiti. Vikombe kumi na viwili vilining'inia kwenye misumari, midomo yote imeelekezwa dirishani. Sakafu ilinuka mafuta ya taa kwa kusuguliwa. Wenzangu walikuwa wakikonyezana kwa furaha. Mimi nilikuwa namtazama mama yake Kamande, Mugure, mwanamke wa rika langu.

"Viazi vimefanya vizuri mwaka huu?" nikamwuliza.

Akamtazama mwanawe usoni kwanza. Ndipo akajibu, "Vizuri."

Nikamwomba sukari. Akamtazama tena. Kamande alikuwa amekaa dirishani, kidevu mkononi, akiangalia mvua bondeni. Alikuwa mzuri, sikatai. Alipoinuka kuchukua koti lake, mbwa aliyekuwa mlangoni alijilaza chini kabisa, tumbo sakafuni, akajikojolea.

Hakumpiga. Wala hakumtazama.

Nikamaliza chai yangu, nikashukuru.

Jikoni kwangu ndipo niliposema. Shiru alinisikiliza amesimama.

"Mbwa, Shosho? Unanikataza mtu juu ya mbwa?"

"Na mama yake."

"Mama yake amezeeka! Yule ameumia, na hakuna mtu amewahi kumwelewa. Si wewe ulikuwa unalia tukisoma?"

"Nililia kwa sababu mwandishi alitufungulia kifua cha yule mtu, tukaona ndani. Huyu hakuna aliyetufungulia, mtoto wangu. Nimemsoma kwa wanaoishi naye. Kiarie hapa jirani alizika mwana wake kwa moto ule ule, na kila asubuhi ananiuliza nimeamkaje."

"Kiarie ni mzee tu wa kawaida," akasema, kana kwamba nimempakulia uji wa jana.

Niliwaambia wazee sikubali, wakaahirisha mambo. Shiru hakungoja. Alifunga nguo zake akaenda kwa Kamande.

Nikakaa wiki sita. Mtu ukimfuata mapema, atakuficha. Siku ya Alhamisi, nikijua Kamande amepeleka viazi Molo, nilibeba chupa ya maziwa nikapanda kule. Nilimkuta jikoni. Shiru huyu, aliyekuwa akiimba hata akiosha miguu, alinisalimia kwa sauti ya mtu aliye karibu na mgonjwa.

"Amekupiga?"

"Hapana. Hajawahi." Akaangalia mlango. "Ananyamaza tu. Nikikosea, ananyamaza siku nne, tano. Anapita kando yangu kama mimi ni kiti. Tangu Jumapili hajasema neno. Na simu alichukua."

"Jumapili ulikosea nini?"

Alifikiria, kweli akitafuta jibu. "Nilicheka na Joan kwa simu."

Mugure alikuwa ameingia na ndoo, nasi hatukumsikia. Akaiweka chini.

"Mchukue," akaniambia.

"Mama, ni ule moto," Shiru akasema haraka. "Ni ndugu yake. Akipona..."

"Alikuwa hivyo kabla ya moto. Na baba yake alikuwa hivyo. Mimi nilingoja acheke, nikangoja, mpaka nikamzika. Nenda, mtoto."

"Nikienda atabaki peke yake."

"Atabaki na mimi," Mugure akasema.

Shiru alisogea mlangoni, akarudi katikati ya jiko. Sikumshika mkono. Nilijua nikimvuta leo atarudi kesho. Halafu akaingia chumbani, akatoka na mfuko mmoja.

"Twende sote," nikamwambia Mugure. "Kwangu kuna kitanda."

"Na jioni atapikiwa na nani?" akauliza, akachukua kisu akaanza kumenya viazi.

Tukateremka. Shiru alikuwa amevua viatu, amevibeba mkononi, akikanyaga tope la baridi kwa ncha za vidole. Nikamwambia, "Vaa, mama, Kamande yuko Molo, hakuna wa kutusikia." Akatikisa kichwa. Alivaa tulipofika kwenye lami, malori yakipita kwa kishindo.