Mikono Iliyozoea Unga

Kwa miaka sita Somoe alikuwa akikanda unga wa skonzi katika kiwanda kidogo cha mikate kule Chamazi. Mumewe alishafariki. Binti yao Lulu, mwenye miaka minne, alikuwa akishinda kwa Bi Hija, jirani aliyelea watoto wa nusu ya mtaa. Mwaka wa korona ulipoingia, shule zikafungwa, na Bi Hija naye akafunga mlango wake.

"Usinichukie, mwanangu," alisema dirishani, mtandio umemziba pua na mdomo. "Mie kifua changu kibovu. Ugonjwa huu ukinipata, sitoki."

Somoe hakumchukia. Alimbeba Lulu mpaka kazini, akamkalisha kwenye magunia ya unga. Siku ya pili mtoto akalisogelea tanuri, na Nurdin, msimamizi, akamdaka mkono bado kidogo aungue.

"Dada Somoe, hapa si pa mtoto. Ukipata wa kumwachia, rudi."

Wa kumwachia hakupatikana. Mama yake alikuwa mbali, Kilwa, na mjini kila mtu kajifungia kwake. Akiba ikaliwa ikaisha, redio ikauzwa, kikafuata kitanda.

Njaa aliitarajia. Asichokitarajia ni kuukumbuka unga wenyewe: ulaini wake, ule uvuguvugu ukianza kuumuka, na vicheko vya wenzake waliotapakaa vumbi jeupe usoni. Akiwa amekaa kizingitini, vidole vyake vilikuwa vikifinyanga pindo la kanga.

"Mama, unafanya nini?" Lulu aliuliza siku moja.

"Natengeneza skonzi."

"Nipe moja."

Somoe akamkumbatia, huku akiona haya kwamba amempakata mwanawe na bado moyo uko kazini.

Mwisho wa Juni shule zikafunguliwa, Bi Hija akafungua mlango. Somoe akawahi kiwandani kabla jua halijapanda. Kwenye meza yake alisimama msichana mgeni, Noela.

Nurdin akainamisha kichwa. "Tulikusubiri wiki tatu, dada. Wateja nao hawasubiri."

Somoe alikuwa keshageuka aondoke, alipoona Noela anavyohangaika na donge la unga.

"Usiutoboe kwa vidole. Usukume na kiganja. Hivi."

Akazamisha mkono kwenye donge, kisha wa pili. Machozi yakamtiririka, asiweze kuyafuta.

Noela akasogea kumpisha. "Dada, Jumapili mie naendaga kanisani, na kila wiki nagombezwa hapa kazini. Huwezi kunishikia zamu?"

Nurdin akaitikia kabla hajaulizwa.

Basi akapata siku moja katika saba. Siku nyingine sita akawa anafulia watu nguo, na chakula kikapatikana. Ila kila Jumamosi jioni alikata kucha, akasugua mikono kwa ndimu, akamhimiza Lulu alale mapema, kama mtu anayengojea harusi.