Mafaili Yaliyofifia

Feni ya kompyuta ilianza kukoroma sebuleni kabla hakujapambazuka. Hakuna aliyeiwasha. Nikalala nikiisikiliza, maana saa hiyo ndiyo marehemu mume wangu, Batholomeo, aliyokuwa akiamka kuandika.

Chumba cha pili mjukuu wangu akaanza kulia. Alikuwa na wiki tatu, bila jina. Kwetu husemwa kuwa mtoto anayelia hivyo anadai jina lake. Babu ndiye wa kumpa, na kabla hajafa alimwambia mkwe wetu Hilda, mama wa mtoto, "Jina nimeliacha kwenye kompyuta." Tulitafuta mpaka macho yakauma.

Kulipokucha nikamwita Anifa, fundi wa kompyuta, binti wa Kondoa anayeishi hapa Mkonze. Alivua viatu mlangoni.

"Shikamoo bibi. Pole kwa mzee."

"Marahaba, mjukuu wangu. Imejiwasha yenyewe alfajiri."

"Inajisasisha tu, bibi. Mashine hizi hazina adabu, haziheshimu usingizi wa watu."

Hilda akacheka, mara ya kwanza tangu msiba.

Anifa akaeleza polepole, bila kunifanya nijione mjinga. Kuna mafaili ya mfumo ambayo kompyuta huyaficha, kwa sababu mtu akiyafuta, mashine haiamki tena. Anayejua anaweza kuficha na lake humo. "Nikiyaonyesha, msiguse kitu."

Kompyuta ikatoa onyo. Akakubali. Kioo kikajaa alama zilizopauka kama kanga iliyofuliwa miaka mingi.

Hilda akarudi nyuma. "Muda wote yalikuwa humu?"

"Muda wote, dada. Ulikuwa huyaoni tu."

Katikati yao palikuwa na folda iliyoandikwa MJUKUU.

Nikaelewa. Siku ya kuondoa tanga, sisi hugawa na kufagia kila kitu cha marehemu. Hilda, kwa heshima, alifagia hata kompyuta, akafuta barua zote za mzee alizoona hazina jina. Batholomeo alitujua, ndiyo maana aliificha.

Anifa akabonyeza folda, likatokea faili moja la sauti; akaliwasha, kisha akatoka uani bila kuambiwa, ili tusikilize wenyewe.

Kikatangulia kikohozi cha Batholomeo. "Akiwa wa kiume, aitwe Nathanaeli."

Mtoto, aliyekuwa akilia mikononi mwa Hilda, akanyamaza. Akageuza macho, lakini si kwenye mashine. Alitazama kiti kitupu cha babu yake, akatulia hivyo kwa muda mrefu. Kisha akalia tena, Hilda akambeba chumbani na mimi nikazima sauti.

Anifa akarudi. "Niyafiche tena, bibi, au niyaache wazi?"

Nilitaka yabaki wazi. Nilitaka kila nikipita nimwone, hata akiwa amepauka hivyo. Hilda akasema kutoka mlangoni, "Mama, barua nilishazifuta. Mikono yangu mwenyewe siiamini."

Hakuna aliyekuwa amemlaumu kwa ajili ya barua zile. Alikuwa akijilaumu peke yake siku zote hizo.

"Yafiche," nikasema.

Anifa kwanza akanakili sauti kwenye simu yangu. Kisha alama zilizopauka zikatoweka zote mara moja, na Batholomeo pamoja nazo.

"Tujaribu kama inasikika," Anifa akasema, akanipa simu sikioni.

Kikohozi. Jina. Kimya, halafu pumzi. Kumbe ilikuwa haijaisha.

"Ruthu, upo? Huku kimya sana. Usikae muda mrefu bila kuja kunitazama. Njoo tena, mke wangu."