Njia ya Kushikilia

Tangu baba apooze na ulimi wake ufe, alikuwa anasema kwa simu. Ilikuwa programu ya bure, iliyotengenezwa na mafundi wa kujitolea: picha ya maji, ya choo, ya dawa, ya kumwambia mtu atoke. Ukishikilia picha kidogo, simu inatamka. Kidole chake kilitetemeka sana, lakini kikishatulia mahali, neno lilitoka.

Toleo jipya lilipoingia, njia ya kushikilia ikaondolewa. Sasa ukigusa tu, simu inaropoka. Baba alitaka maji, simu ikamwambia daktari, "Toka!" Ikamwambia hivyo na dada yake. Akaisukuma simu kando, akageukia ukuta. Hata wakimnywesha, alibana meno. Midomo ilianza kumpasuka.

Binti yake alijua kosa lilikotoka. Mafundi wale hawakupanga kila kitu mwanzoni. Kila wiki walifanya mkutano kwa simu, wazi kwa yeyote, wakauliza watu wanahitaji nini sasa. Kisichokuwa na mtetezi kiliondolewa. Siku ile waliuliza, "Kuna anayetumia kushikilia?" Naye alikuwemo, anasikiliza. Kimya chake kikawa ndilo jibu.

Leo tena mkutano ulikuwa unakaribia kuisha, na bado hajafungua mdomo.

"Sema basi!" Shangazi akampiga kiwiko. "Au umetiwa gundi?"

"Watanicheka, shangazi. Wale wamesoma."

"Wacheke, si wana meno? Baba yako anakauka huku maji yapo mezani."

Binti akafungua kipaza sauti. "Samahani... ile ya kushikilia. Baba yangu anaitumia. Siku ile nilikuwepo, sikusema."

"Pole sana, dada," alijibu fundi aliyeongoza. "Kuirudisha tunaweza. Ila mimi niliitengeneza kwa kukisia, sijawahi kumwona anayeitumia. Kidole kinatulia kwa muda gani? Kinateleza kuelekea wapi? Tukikisia tena, tutaharibu tena. Anaweza kutuonyesha?"

Binti akawasha kamera ya simu yake, akamsogezea baba ile yake, akapiga magoti kando ya kitanda. "Baba, wanataka kuona mkono wako."

Mgongo haukugeuka.

"Baba, mimi ndiye niliyenyamaza. Nichape ukitaka, lakini usininyamazie."

"Kaka," shangazi akasema, sauti imemshuka, "huyu mwanao hata dukani hujificha nyuma yangu. Leo kaongea na watu asiowajua. Nawe unamnunia?"

Baba akageuka taratibu. Mkono ukapanda, ukicheza kama jani.

"Dawa," simu ikasema. "Choo. Toka. Dawa."

"Tunaona," fundi akasema. "Endelea, mzee. Usiharakishe."

"Choo. Choo. Toka."

Machozi yalimtiririka baba mpaka sikioni. Shangazi hakuvumilia, akachukua kikombe, akakipeleka mdomoni mwake.

Baba akabana midomo, akatikisa kichwa, akarudisha kidole kwenye kioo cha simu, akiitafuta picha ya maji.