Mapazia ya Madirisha Saba

Saa mbili kasorobo asubuhi, Jumatatu ya mwisho ya Machi, Euphrasie alikuwa mezani jikoni kwake Edmonton, kwa Waingereza, ghorofa ya tatu, akifungua nyumba iliyoko mashambani Ufaransa.

"Koki kuu iko chini ya sinki, upande wa kushoto, nyuma ya ndoo," alisema kwa Kifaransa kwenye simu. "Ifungue robo kwanza, halafu usikilize."

Upande wa pili bwana Jules, mstaafu wa kijiji kile aliyekaa na ufunguo, alipiga magoti huku akiguna. Maji yalikohoa ndani ya mabomba, kisha yakatulia. Mwaka huu hakuna bomba lililopasuka kwa baridi. Euphrasie aliweka alama kwenye daftari na kuendelea: magodoro yaanikwe, mitego ya panya darini ikaguliwe, majani ya uani yakatwe kabla hayajafika magotini. Wageni wa kwanza walikuwa wanaingia Jumamosi. Mbayuwayu walikuwa wamerudi, na bwana Jules alitaka kujua kama abomoe kiota kilichokuwa juu ya mlango.

"Kiache. Weka ubao chini yake, uchafu usidondokee mizigo ya wageni. Ubao wa mwaka jana uko ghalani, nyuma ya pipa."

Alisikia hatua zake zikienda ghalani. "Uko nyuma ya pipa kweli. Madame, wewe una macho marefu."

Alikuwa na haki ya kusema hivyo. Katika misimu mitatu ya kuiendesha nyumba ile, Euphrasie hakuwahi kuikanyaga. Aliijua kwa picha, kwa video na kwa masikio. Hati yake ya kusafiria ilikuwa bado haijatoka.

Nyumba ilikuwa ya Kavita na mumewe Vijay, wenye duka la dawa Kenton, ambao kati yao hawakuweza hata kuagiza kuni kwa Kifaransa. Euphrasie alikuwa amemhudumia mama yake Kavita, mzaliwa wa Kisumu, kwa miaka miwili ya mwisho ya uhai wake, Kiswahili cha Kisumu na kile cha Bukavu, kwao Euphrasie, vikibishana kutwa juu ya jina la kila sufuria. Mama alipofariki, Kavita alimwomba Euphrasie awe msimamizi wa nyumba ya Ufaransa kwa simu, baada ya zamu zake za kuhudumia wazee. Ilikuwa kazi ya kweli, na aliifanya vizuri. Inafaa hili lijulikane mapema, maana bila hilo aibu iliyofuata haieleweki.

Uongo ulizaliwa Oktoba iliyotangulia, katika kikundi cha akina mama wa kanisa, kilichokutana kila Jumapili baada ya ibada katika ukumbi wa kupanga. Mama Armelle na mumewe walikuwa wamepewa ufunguo wa nyumba waliyoinunua, na kwa wiki ya tatu mfululizo alikuwa akieleza habari za bustani ya nyuma.

"Na wewe, Mama Chancelle?" aliuliza, akamgeukia Euphrasie mbele ya wote. "Miaka tisa ungali unaogesha bazee tu? Utabaogesha mpaka na wewe uogeshwe?"

Wanawake walicheka, si kwa ubaya. Euphrasie alikuwa na simu mkononi, na kwenye simu kulikuwa na picha iliyotumwa na bwana Jules asubuhi ile: kuta za mawe, mbao za madirisha zilizopakwa rangi ya kijivu, mti wa plamu.

"Na mimi ninayo," alisema. "Ufaransa. Hii hapa."

Maneno sita. Simu ilizunguka kutoka mkono hadi mkono, na Mama Armelle akawa wa mwisho kuirudisha.

Kila alichosema baada ya hapo kilikuwa kweli. Ngazi ya kwenda juu hulia kwenye kidato cha nne. Dirisha la jikoni lazima lisukumwe kwa bega. Aprili, wageni wakikaa uani jioni, kengele za ng'ombe wa jirani husikika mpaka mezani. Hakuhitaji kuongeza uongo wa pili. Ukweli wote ulikuwa unautumikia ule mmoja.

Kiongozi wa kikundi alikuwa Keren, mwanamke mfupi mwenye sauti nzito, aliyepanga mizigo kwenye bohari siku sita za wiki. Bukavu alikuwa fundi cherehani.

"Mwenzetu amepata nyumba, na sisi tunatazama picha tu?" alisema. "Hapana, bamama. Nyumba inaingiwa na mikono iliyobeba kitu. Mama Chancelle, iko na madirisha ngapi?"

"Saba."

"Leta vipimo. Tutakushonea mapazia."

Hapo ndipo angeweza kusema. Badala yake alimpigia bwana Jules, na Jumapili iliyofuata akaleta vipimo: upana sentimita tisini na nne, urefu mia moja na kumi na nane, isipokuwa la bafuni. Akina mama wanane, Euphrasie akiwemo, walishona kwa Jumapili tano, ukumbini, makoti mabegani kwa sababu kipasha joto kilikuwa kibovu. Kitenge kilikuwa cha buluu chenye maua ya rangi ya chungwa. Keren alikata, wengine walipiga pindo kwa mkono. Mama Armelle alijidunga sindano mara mbili na kusema nyumba hii sasa ina damu yake, asinyimwe chumba. Euphrasie naye alishona, pazia moja na nusu. Jumapili tano. Alizihesabu baadaye, si wakati ule.

Mapazia yalipokamilika hakuwa na njia ya kuyafikisha ila gari la Vijay, ambalo kila Aprili mwanzoni lilipeleka mashuka na vyombo. Yalikaa kabatini mpaka mwanzoni mwa Aprili, ndipo akayabeba kwenye basi hadi Kenton. Kavita aliyafungua juu ya kaunta ya duka.

"Maridadi sana, Euphrasie! Umeshona wewe mwenyewe?"

"Ndiyo," alisema Euphrasie.

Huo ukawa uongo wa pili.

Jumamosi iliyofuata Chancelle, bintiye wa miaka kumi na sita, alimwekea simu mbele ya sahani. Ulikuwa ukurasa wa kukodishia nyumba ile. Juu kabisa palikuwa na picha mpya ya dirisha la jikoni, jua likipita kwenye maua ya chungwa, na chini yake Kavita alikuwa ameandika kwamba nyumba yake na Vijay imefunguliwa kwa majira ya kuchipua, na kwamba mapazia yote yameshonwa kwa mkono na msimamizi wao, Euphrasie.

Mama Armelle alikuwa akitafuta nyumba ya kupanga kwa likizo ya watoto, upande ule ule uliosifiwa na Mama Chancelle. Alikuwa amekitambua kitenge, akawatumia wote ukurasa ule.

"Everyone's seen it, Mum," alisema Chancelle. "Don't go tomorrow. Say you're ill."

Euphrasie hakujisingizia ugonjwa; alikwenda. Ukumbini viti vilikuwa vimepangwa duara kama kawaida, na kiti chake kilikuwa pale pale. Hilo lilimuumiza kuliko kama kingeondolewa.

"Mama Chancelle," Keren alianza bila kupandisha sauti. "Sisi tulishonea nani?"

"Mlishonea watu ninaowafanyia kazi. Nyumba ni yao. Mimi ni msimamizi."

"Na hao watu wanasema umeshona wewe."

"Niliwaambia hivyo."

"Kumbe huku nyumba ni yako, na kule mapazia ni yako pia!" Mama Armelle alipiga makofi mara moja. "Mimi nimejidunga sindano bure, jamani. Na nilitangaza kwa dada yangu mpaka Uvira!"

Hakuna aliyecheka. Euphrasie alitazama mikono yake. Alikuwa amepanga maelezo kwenye basi, na sasa aliona hayana kazi. Walichotaka kujua walikuwa wanakijua.

"Hiyo kazi," Keren alisema, "unaifanya namna gani?"

Aliwaeleza: koki, magodoro, panya, mbayuwayu, wageni wanaopiga simu wakiwa wamepotea njia naye akiwaelekeza mpaka getini.

"Unafanya yote hayo kwa simu? Kutoka hapa Edmonton?"

"Ndiyo."

"Hiyo ni kazi ya mtu mwenye akili." Keren alitikisa kichwa polepole. "Sasa kwa nini hukutuonyesha hiyo? Kazi yenyewe ilikuwa na aibu gani?"

Euphrasie aliigeuza simu kifudifudi magotini.

"Basi sema hili tu," alisema Keren, na kwa mara ya kwanza sauti ikapungua, ikawa ya fundi. "Mapazia yalienea? Lile la jikoni, nililiongezea pindo. Halikugusa sinki?"

Angeweza kusema yalienea. Picha ilikuwa karibu kuonyesha hivyo.

"Sijui," alisema. "Sijafika pale hata siku moja."

Mama Armelle aligeuka kumtazama Keren.

Keren alinyoosha kidole kwenye simu iliyokuwa magotini kwa Euphrasie. "Mwandikie mwenye nyumba. Majina yetu yote. Hapa hapa, tukuone."

Aliandika kwa Kiswahili, lugha yake na Kavita. Aliandika kwamba alidanganya, kwamba mapazia yalishonwa na wanawake wanane, akataja majina manane, lake likiwa la mwisho. Aliusoma ujumbe kwa sauti. Keren alimsahihisha jina moja. Akautuma.

Jibu la Kavita halikuja wakati wakiimba, wala wakati wa sala ya kufunga. Kikao kilipokwisha Euphrasie alianza kukunja viti na kuvipanga ukutani, vyote, kimoja kimoja. Hakuna aliyemzuia, na hakuna aliyemsaidia.