Hutakufa Kabla Hujasema

Dorcas alikuwa sokoni Kasulu akipima maharage alipoambiwa kuwa baba yake mdogo, Tharsisi, ameanguka kutoka juu ya lori la mihogo na miguu yake imekufa ganzi. Alimaliza kumpimia mteja, akafunga gunia, akacheka.

Tharsisi ndiye aliyesimama mbele ya watu wa kijiji cha Murungu, baba yake Dorcas alipofariki, akasema mjane yule Mrundi amemroga mumewe. Nyumba ilichomwa moto. Laurentine, mama yake Dorcas, alikimbilia Kasulu na mwanawe, na huko alifia akiitwa mchawi. Shamba lake likawa la Tharsisi.

Miezi ikapita. Ndipo Pasikali, mtoto wa Tharsisi, akapiga simu. Mzee ana kidonda kinachonuka, alisema, na hakuna anayekubali kuingia chumbani. Alitegemea kutukanwa. Dorcas alimwambia atafika kesho.

Alimkuta amelala chali juu ya godoro lililolowa mkojo. Juu ya kifandugu, mwisho wa uti wa mgongo, palikuwa na shimo lenye kingo nyeusi, kubwa kuliko yai. Kwenye visigino ngozi ilikuwa imeanza kuiva kwa wekundu. Tharsisi mwenyewe hakujua ukubwa wa kidonda, kwani kuanzia kiunoni kushuka hakusikia kitu. Hilo lilimwudhi Dorcas. Hata angekuja kumtesa, nyama ile isingesikia.

"Umekuja kunizika?" Tharsisi aliuliza.

"Nimekuja kukuzuia usife, baba mdogo. Ukifa sasa, unakwenda na jina la mama yangu."

Walimpeleka hospitali Kibondo. Nesi Esteri aliondoa nyama iliyokufa, akawaeleza kuwa mfupa na godoro vilikuwa vimeibana nyama katikati mpaka damu ikashindwa kupita. Pasikali alisema walikuwa wakipaka majivu na kusugua sehemu zilizoiva. Esteri aliwakataza yote mawili. Kusugua, alisema, kunazidi kuiua nyama.

Waliporudi Murungu, Dorcas alishika nyumba. Kila baada ya saa mbili Tharsisi aligeuzwa, kushoto, kisha kulia, mto ukiwekwa nyuma ya mgongo na mwingine chini ya mashavu ya miguu ili visigino visiguse godoro. Zamu za usiku aliwapa Pasikali na mkewe. Alimkausha kila alipolowa, akaosha kidonda kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa kama alivyoelekezwa, akamlisha mayai na dagaa hata alipokataa kufungua mdomo. Majirani walisema mtoto wa Laurentine ana moyo wa Kristo. Hakuwasahihisha.

Kidonda kilianza kuwa chekundu, kikajaa nyama mpya, kikapungua. Siku moja Tharsisi alilia, akasema Mungu ambariki kwa kumsamehe.

"Sijakusamehe," Dorcas alisema. "Ninakutunza uwe na pumzi ya kusema ukweli kanisani, mbele ya waliochoma nyumba yetu."

Tharsisi alifuta macho. "Wakijua, watanitenga. Nani atanigeuza?"

"Mama yangu naye hakuwa na mtu."

Alitoka, akakaa uani akichambua maharage. Saa ya kumgeuza ikafika, ikapita. Ndani Tharsisi aliita, akaita tena. Dorcas aliendelea kuchambua.

"Ego, mwanangu," sauti ilisema hatimaye. "Ndiyo. Nitasema."

Aliingia, akamgeuza, akapapasa nyonga aliyokuwa ameilalia. Ilikuwa na joto, lakini ngozi bado laini. Alishusha pumzi, kisha akajichukia kwa kushusha pumzi.

Jumapili moja, kidonda kilipokuwa kimefunga, walimpeleka kanisani kwa kiti cha magurudumu. Tharsisi alizungumza akitazama magoti yake. Laurentine hakumroga mtu, alisema. Kaka yake aliugua ini, naye alijua. Alilitaka shamba.

Wazee wawili waliinuka wakatoka. Ibada ilipokwisha hakuna aliyekuja kumpa mkono Tharsisi. Watu walipita kando ya kiti kama wanavyolipita dimbwi. Dorcas alifurahi, na hakuona haya kufurahi. Mwanamke mmoja miongoni mwa waliobeba nyasi za kuwashia nyumba alimfuata nje kuomba radhi. Dorcas alimsikiliza mpaka mwisho, akaondoka bila kumjibu.

Juma hilohilo Pasikali alimrudishia shamba mbele ya mwenyekiti wa kijiji. Dorcas alimwonyesha tena namna ya kupanga mito na kukagua ngozi, akamwambia: "Ukimwacha alale upande mmoja, ataoza upya. Kuanzia leo ni baba yako, si mgonjwa wangu."

Asubuhi iliyofuata alishuka na jembe kwenye migomba ya shamba la mama yake, chini kidogo ya nyumba ya Tharsisi. Kutoka huko alimsikia Pasikali akimwita mkewe waje wamgeuze mzee. Akaita mara ya pili. Dorcas hakuinua kichwa. Aliendelea kulima.